Feni ya Gari na Fadhila ya Kiasi





Juma hili tunapenda tutafakari pamoja fadhila ambayo haina mashabiki wengi, nayo ni kiasi. Katekisimu ya Kanisa inatufundisha kwamba fadhila kuu za kiutu ni nne: busara, haki, nguvu na kiasi. Mapokeo yanaziita kwa jina linalotokana na neno la Kilatini cardo, maana yake bawaba, kwa kuwa maisha mema hugeukia juu yake kama mlango unavyogeukia juu ya bawaba zake. Watu huisifu busara, huidai haki, na huistaajabia nguvu. Lakini kiasi wengi hukidhania kuwa jambo la wagonjwa walioambiwa na daktari wapunguze chumvi. Tena wako wanaodhani kwamba mtu wa kiasi ni mtu aliyepungukiwa kitu, mtu asiye na moto.

Sisi tungependa kulieleza jambo hili kwa kutumia kifaa kidogo kilichomo ndani ya gari, kinachoenea kiganjani, ambacho mafundi wetu hukiita rezista ya feni. Wenye magari watapata faida ya ziada. Wasio na magari wasituache njiani, kwa maana tutaeleza kila kitu taratibu.

Swali la kwanza ambalo msomaji wa pwani angeuliza ni hili: feni ya hita ya gari inatuhusu nini sisi watu wa Bagamoyo, ambao joto tunalo la kuwagawia wengine? Ni swali la haki. Magari mengi tunayoyatumia yalianza kazi yake Japani, nchi yenye majira ya baridi na theluji, nayo yakaja kwetu pamoja na hita zake. Ndugu zetu wa Njombe, Makete na Lushoto huishukuru hita hiyo katika asubuhi za mwezi wa Julai. Sisi huku, tangu Bunju hadi Saadani, hatuna haja nayo. Lakini feni inayopuliza hewa ya moto ya hita ndiyo hiyo hiyo inayopuliza hewa ya baridi ya kiyoyozi, na ndiyo hiyo hiyo inayopeleka hewa kwenye kioo cha mbele. Feni ni moja, kazi ni tatu. Feni ikifa, zote tatu zimekufa.

Kati ya kazi hizo, ya tatu ndiyo ya uhai. Wakati wa masika mvua hukipoza kioo kwa nje, na ndani ya gari watu wanapumua, nguo zimelowa, hewa imejaa unyevu. Hewa hiyo ikikigusa kioo kilichopoa, unyevu wake hugeuka kuwa matone madogo mno, na kioo kikawa cheupe kama kilichopakwa maziwa. Wipa haziwezi kusaidia, kwa sababu zenyewe ziko nje na ukungu uko ndani. Dawa yake ni feni. Kiyoyozi huipitisha hewa katika mabomba ya baridi, na unyevu wake hudondoka humo. Ndiyo yale maji tunayoyaona yakichuruzika chini ya gari. Kisha feni huisukuma hewa hiyo iliyokauka hadi kwenye kioo, na barabara ikaonekana tena. Kwa hiyo, wapendwa, mtu asiseme kwamba feni ya gari ni anasa. Katika usiku wa mvua, feni ni macho ya dereva.

Sasa tuje kwenye rezista yenyewe. Katika magari ya kawaida feni ina mwendo wa namba nne. Mota ni moja, na umeme wa betri ni ule ule wa volti 12. Kinachotofautisha namba 1 na namba 4 ni rezista, ambayo kazi yake ni kuuzuia umeme usifike wote kwenye mota kwa mara moja. Ndani yake mna nyaya zilizojisokota. Ukiweka namba 1, umeme hupitishwa katika nyaya zote, ukafika kwenye mota ukiwa umepungua sana. Ukiweka namba 2 hupita katika nyaya chache zaidi, na namba 3 chache kuliko hizo. Ukiweka namba 4, umeme haupiti katika rezista hata kidogo, bali huenda moja kwa moja kwenye mota. Ndiyo sababu rezista ikiungua, namba za chini hunyamaza, na namba 4 hubaki peke yake ikinguruma. Gari la namna hiyo linajua mambo mawili tu: kimya na kelele.

Yapo mambo mengine mawili tunayoomba msomaji ayashike, kwa kuwa tutayarudia. La kwanza ni kwamba umeme uliozuiwa haupotei, bali hugeuka kuwa joto. Rezista inapotenda kazi yake, inaungua kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo waliotengeneza magari waliiweka ndani ya njia ya hewa, ili upepo wa feni ile ile inayoizuia uwe ndio unaoipoza. La pili ni kwamba ndani ya rezista mna fyuzi ndogo ya joto. Joto likizidi kipimo, fyuzi hiyo hukatika, ili moto usije ukashika plastiki na nyaya za gari.

Katika Kwaresima ya mwaka 2025, pikapu ya parokia yetu ilibakiwa na namba 4 peke yake. Fundi alipoipima alituambia kwamba ni rezista, na kwamba spea yake ingetafutwa Kariakoo. Tulipokuwa tukiisubiri, tuliendelea na ile namba 4, ambayo katekista wetu alisema kwamba kwa kelele zake anajisikia kama yumo ndani ya ndege.

Usiku mmoja wa mvua, katikati ya mwezi wa Machi, tulipigiwa simu kutoka kigango kimoja cha upande wa Ruvu. Mama mzee alikuwa katika saa zake za mwisho, na watoto wake waliomba apakwe mafuta matakatifu kabla hapajapambazuka. Tuliondoka, sisi na katekista. Tulikuwa tumekwisha kuziacha nyuma taa za Makofia, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, na feni ikanyamaza. Baadaye tulielezwa kwamba umeme wote wa namba 4, uliopita usiku na mchana bila kupumzika, ulikuwa umeibabua soketi iliyochoka.

Kabla hatujatembea kilometa moja, kioo kilikuwa cheupe. Tulifungua madirisha, mvua ikaingia. Katekista alikifuta kioo kwa kitambaa, na kila alipofuta, ukungu ulirudi nyuma ya mkono wake. Tulikwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Mahali fulani mtu mwenye baiskeli iliyopakiwa magunia ya mkaa, asiye na taa, alitokea mbele yetu upande wa kushoto kana kwamba ametoka ndani ya kioo chenyewe. Alikuwa umbali wa hatua tatu. Breki zilishika. Mtu yule aliinua mkono mmoja kutusalimu, akaendelea na safari yake, na hatujui kama hata alitambua. Sisi na katekista tulikaa kimya kwa muda, kisha tukasali rozari sehemu ya njia iliyobaki. Mama tulimkuta hai na mwenye fahamu. Alipakwa mafuta, akapokea Ekaristi kama masurufu ya safari, na baada ya siku mbili akaaga dunia. Raha ya milele ampe, ee Bwana.

Spea ilifika, na Jumatatu ya tarehe 17 Machi tulilipeleka gari kwa fundi. Fundi wetu ni mzee wa Kiislamu, mwenyeji wa Bagamoyo, mwenye gereji chini ya mkungu. Mwaka huo Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuanza. Yeye alikuwa katika saumu, nasi tulikuwa katika mfungo wetu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za mgonjwa kabla ya kuuliza habari za gari.

Ndugu msomaji, rezista ni kitu kidogo, ila mahali ilipo ni pagumu. Fundi alianza kwa kuufungua waya wa betri wa upande wa hasi. Akafungua mlango wa kushoto, upande wa abiria, akaondoa kila kilichokuwemo katika droo ya dashibodi, akaziminya kuta zake mbili kwa ndani mpaka vishikizo vikaachia na droo ikatoka. Nyuma yake palionekana ukuta mweusi wa plastiki. Pembeni mwa ukuta huo, mahali ambapo jicho halifiki mpaka mtu alale chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje, palikuwa na ile soketi iliyobabuka, na chini ya soketi palikuwa na rezista imeshikwa kwa skrubu mbili.

Skrubu ya chini ilitoka kwa dakika moja. Ya juu ilichukua karibu saa nzima. Hapakuwa na nafasi ya bisibisi ya kawaida. Ilimbidi atumie kifupi, akikishika kwa ncha za vidole viwili na kukizungusha robo kwa robo, bila kuona anachokigusa. Jasho lilimtiririka masikioni, na maji ya kunywa hayakuwepo katika hesabu ya siku hiyo. Ilipoadhiniwa adhuhuri alitoka, akatawadha, akaenda kusali, kisha akarudi akalala tena chini ya skrubu ile ile.

Alipokuwa humo, kijana anayejifunza kazi kwake alichungulia akasema:

“Fundi, si tupige dairekti tu? Kipande cha waya juu ya fyuzi, dakika tano, namba zote zinarudi.”

Jambo alilosema kijana linafanyika, tena linafanyika sana. Mtu huiruka fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya, na gari likaonekana kuwa limepona. Fundi alijibu akiwa chini ya dashibodi, hata hatukumwona uso:

“Nani kakwambia fyuzi hiyo mbovu?”

“Imekatika, fundi.”

“Imekatika kwa kuwa ilikuwa nzima. Joto lilizidi, ikakubali kufa yenyewe ili gari lisiungue. Ukipiga dairekti leo, siku joto likizidi tena hakuna wa kufa kabla ya gari. Na humo ndani ya gari atakuwemo nani, mwanangu?”

Kijana hakujibu. Alikwenda kutafuta soketi nyingine.

Fundi hakuridhika kwa kuipata rezista iliyoungua. Alitaka kujua iliunguzwa na nini. Alifungua skrubu tatu za mota ya feni, akaiteremsha, nasi tukaona. Gurudumu la feni, lenye umbo la kizimba, lilikuwa limejaa majani makavu ya mwarobaini, mchanga, vumbi na manyoya ya ndege. Hewa huingia kwa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na gari la parokia, kama magari mengi ya pwani, hulala chini ya mti kwa ajili ya kivuli. Tena ni gari la zamani lisilo na chujio la hewa ya ndani. Jani moja halina uzito. Majani ya miaka mingi yalikuwa yameziba njia, na upepo ukapungua. Hapo fundi alisema neno ambalo tumelibeba hadi leo:

“Padri, hii haikuungua kwa kazi. Iliungua kwa kukosa upepo.”

Alisafisha kila kitu, akabadilisha soketi, akafunga rezista mpya, na juu ya matundu ya hewa akaweka wavu mwembamba wa kuzuia majani. Alipounganisha betri alituomba tuwashe sisi wenyewe. Tuliweka namba 1. Ulitoka upepo mwembamba, usio na kelele, ambao kwa siku kadhaa hatukuwa tumeusikia. Jioni tulimpelekea tende kwa ajili ya futari yake.

Wapendwa, kazi ya mikono si ngeni katika historia ya Kanisa hapa kwetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo kutoka Zanzibar mwaka 1868, pamoja na shule na mashamba walianzisha karakana, ambamo vijana waliokombolewa kutoka utumwani walijifunza ufundi wa mbao na wa chuma. Yafaa basi Kanisa liendelee kujifunza kutoka kwa mafundi. Sisi siku ile tulijifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kwamba kiasi si upungufu wa nguvu. Feni inayozunguka kwa namba 1 haina mota dhaifu. Ni mota ile ile, na betri ile ile. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kazi ya kiasi si kuziua tamaa za mwanadamu, bali kuzipanga zifuate akili njema. Mtume Paulo, katika sura ya tano ya Waraka kwa Wagalatia, anapoyataja matunda ya Roho anaanza na upendo na kumalizia na kiasi, kana kwamba kiasi ndicho kinachofunga mlango ili mengine yasitoroke. Tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Aliwakumbatia watoto, aliwafukuza wafanyabiashara hekaluni, na mbele ya Herode hakujibu neno. Ni Yesu yule yule, mwenye uwezo ule ule, naye alizijua namba zote.

Lakini wako wengi kati yetu waliobakiwa na namba 4 peke yake. Yupo baba ambaye siku sita haneni neno na mkewe, na siku ya saba akinena sahani zinavunjika. Yupo kijana ambaye hawezi kunywa glasi moja: ama hajagusa, ama analala barabarani. Yupo Mkristo ambaye Pasaka anaimba kuliko kwaya nzima, na baada ya Oktava hatumwoni hadi Noeli. Watu hutuambia kwamba huyo ana bidii, ila inakuja na kuondoka. Sisi twasema kwamba huyo hana rezista. Wahenga walisema kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka, na ile soketi yetu iliyobabuka ni ushahidi wao. Mfungo wa Kwaresima tumepewa kwa ajili hiyo, ili namba za chini zifufuke ndani yetu: tuweze kula kidogo, kusema kidogo, kukasirika kidogo, na kuacha.

Jambo la pili ni onyo juu ya dairekti. Dhamiri ni fyuzi ya joto aliyotuwekea Muumba. Inapotuuma, haijaharibika, inafanya kazi yake. Mtu anayekosa usingizi kwa sababu ya fedha asizostahili kuwa nazo, asitafute kipande cha waya cha kuiruka dhamiri hiyo, iwe ni pombe, iwe ni neno la “kila mtu anafanya”, iwe ni sadaka kubwa ya kujinyamazisha. Gari litaonekana limepona na namba zote zitarudi. Siku joto likizidi tena, hakuna wa kufa kabla ya gari. Njia ya kweli ni ile ya fundi: kuondoa droo, kulala chali, na kuifuata skrubu isiyoonekana robo kwa robo. Sisi Wakatoliki njia hiyo tunaiita kutafuta moyoni na kitubio. Ni ngumu kwa sababu mahali penyewe pamefichika. Hakuna aliyewahi kuifungua skrubu ya juu kwa haraka.

Jambo la tatu ndilo tunalotaka mkae nalo juma zima. Wako watu ambao Mungu amewaweka kuwa rezista kwa ajili ya wengine. Katika Kwaresima ile ile, mama mmoja anayetunza fedha za kikundi kimoja cha waamini alituletea barua ya kujiuzulu. Ilikuwa fupi. Alieleza kwamba kila anapodai risiti anaitwa mchoyo, na kila anaposema tusubiri anaulizwa kama fedha ni za mumewe, na kwamba amechoka. Tunafahamu daftari zake. Kwa miaka yote aliyotumika, hakuna shilingi iliyopotea. Tulimwomba atupe muda hadi Pasaka, naye akakubali bila furaha.

Tulipolisikia lile neno la fundi, tulimfikiria mama huyu. Hakuungua kwa kazi, maana kazi alikuwa akiiweza. Aliungua kwa kukosa upepo. Kikundi kiliendelea kunufaika na uzuiaji wake, miradi haikufilisika, sherehe zilifanyika, lakini hakuna aliyemrudishia hata pumzi moja ya asante. Majani yalikuwa yamejaa: neno dogo hapa, utani mdogo pale, mguno wa chini kwa chini mkutanoni. Jani moja halina uzito. Tena walikuwepo waliokwisha kupendekeza kwamba matumizi madogo madogo yasipitie kwake, jambo ambalo msomaji sasa analijua kwa jina lake: ni dairekti.

Kwa ruhusa yake tulizungumza na viongozi wa kikundi. Hatukuhubiri. Tuliwaomba tu kwamba, katika mkutano unaofuata, kabla ya hesabu kusomwa, kila mmoja ataje jambo moja ambalo kikundi kimelipata kwa sababu mama huyu alisema hapana. Walitaja mengi kuliko tulivyotarajia. Wawili kati ya waliomsema vibaya walisimama wakamwomba radhi mbele ya wote, bila kuombwa na mtu. Barua ile bado tunayo kabatini, naye bado anadai risiti.

Tazameni basi nyumba zenu. Yuko nani humo anayewazuia kwa ajili ya mema yenu? Huenda ni mke anayesema mkopo wa pili tusiuchukue kabla hatujamaliza wa kwanza. Huenda ni bibi anayemkataza mjukuu kutoka usiku, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo anayewatuliza wanaogombana, kisha akasemwa na pande zote mbili. Watu hawa wanapata moto kwa ajili yetu, maana hasira inayozuiwa haipotei, huwa joto ndani ya yule anayeizuia. Mungu amepanga kwamba wapozwe na upepo ule ule wanaoutawala, yaani shukrani na heshima ya wale wanaowasaidia wasiangamie. Tukiwanyima upepo huo, wataungua, nasi tutabaki na namba 4 usiku wa mvua.

Msimamizi wao mwema ni Mtakatifu Yosefu, ambaye sikukuu yake ya tarehe 19 Machi huangukia karibu kila mwaka ndani ya Kwaresima, na ambaye Papa Pius XII mwaka 1955 alimwekea pia kumbukumbu ya tarehe 1 Mei kama mfanyakazi. Injili hazikutuandikia hata neno lake moja. Alikaa nyuma, mahali pasipoonekana, akaitunza nyumba ambayo ndani yake Neno wa Mungu alikuwa akikua. Mungu hudharau mahali pa siri machoni pa watu, lakini wakati mwingine huweka humo kile kinachoshikilia vyote.

Kwa mazoezi ya juma hili tunapendekeza mawili. Kwanza, kila mmoja ajiulize ni katika jambo gani amebakiwa na namba 4 peke yake, alitaje kwa jina mbele ya Mungu, na alipeleke katika kitubio chake kijacho. Pili, kabla ya Dominika, kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyewahi kumwambia hapana kwa ajili ya mema yake, amwambie asante kwa maneno, si kwa moyoni tu. Na wenye magari, tafadhali, kabla ya masika ondoeni majani chini ya kioo cha mbele. Barabara zetu zina watu wanaotembea bila taa, na kila mmoja wao ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Mwenyezi Mungu awabariki ninyi nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko